Amekuja Bila Magwanda

Lyse alimtambua kwa mabega kabla hajamwona sura. Mlango wa kioo ulifunguka, abiria wa ndege ya kutoka Johannesburg wakamiminika na mizigo yao, na katikati yao akaja kijana mrefu aliyetembea kwa kuwapisha watu, kana kwamba urefu wake ni kosa la kuombewa radhi. Moyo wa Lyse uliruka. Halafu macho yake yakapanda hadi kichwani kwa Armel, na furaha yote ikakatika.

Armel alikuwa na nywele.

Si nywele za wiki moja. Lyse alikuwa msusi, alishinda kutwa nzima na vichwa vya watu mikononi, na hizi zilikuwa nywele za miezi. Zilikuwa nyingi, laini, zimejiachia. Askari wa Amerika hafugi nywele namna ile. Armel mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo mwanzoni, walipokutana kwenye harusi ya binamu ya Lyse kule Pinetown, karibu na Durban, akicheka na kupapasa kipara chake.

"Lyse," alisema sasa, akisimama mbele yake bila kujua aweke wapi mikono.

"Karibu Durban."

Wakakumbatiana. Harufu yake ilikuwa ile ile, na Lyse alijichukia kwa jinsi alivyoikumbuka vizuri. Alifumba macho, akahesabu dalili zote: simu za video zilizokoma, "mtandao mbaya, mpenzi, mtandao mbaya," sauti ya Armel iliyoanza kuchagua maneno. Na leo, siku ya kuja kujitambulisha kwa wakubwa, nywele hizi.

Ndani ya gari la kukodi hawakusema kitu cha maana kwa sababu ya dereva. Armel alishika mkono wake. Lyse aliuacha mkono ushikwe, ila hakuubana. Walipokaribia mjini alimwambia dereva apite kushoto kwenye robot, zile taa za barabarani, asipande Berea.

"Hatuendi nyumbani?" Armel aliuliza.

"Mama na tonton bado wako kanisani. Twende salon kwanza. Tonton hawezi kukuona hivi."

Tonton Ladislas alikuwa mdogo wa marehemu baba yake, ndiye aliyewatoa Bujumbura yeye na mama yake, akawaleta Durban na kuwalea. Neno lake katika nyumba ndilo lililokuwa la mwisho. Na tonton alikuwa ameikuza picha ya Armel akiwa amevaa magwanda ya jeshi la Amerika, akaitundika katika duka lake la simu, juu ya kaunta, mahali ambapo wengine hutundika picha ya rais. Kila mteja aliyeuliza alijibiwa: "Huyo? Mkwe wangu. Soldat américain."

Jumapili ile mitaa ya mjini ilikuwa imelala. Lyse alipandisha mlango wa chuma wa salon, akauacha nusu wazi ili mpita njia asije akasema neno, kisha akamkalisha Armel kwenye kiti mbele ya kioo. Akamfunga kitambaa shingoni. Akachukua mashine ya kunyolea, lakini hakuiwasha.

Walitazamana kupitia kioo. Ilikuwa rahisi zaidi hivyo kuliko uso kwa uso.

"Nani alikuwa anazishika hizi nywele?" Lyse aliuliza.

"Nini?"

"Mimi si mtoto, Armel. Mwanamume akiacha kuonyesha uso wake kwenye simu, iko sababu. Niambie sasa, kabla tonton hajatoka kanisani, kabla mama yangu hajapakua chakula cha wageni. Iko mwanamke mwingine?"

Armel akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyejiandaa kwa pigo akaguswa begani tu. Lyse nusura amtupie mashine.

"Unacheka?"

"Samahani. Hakuna mwanamke. Naapa kwa kaburi la bibi yangu, hakuna." Kicheko kikamwisha. Akatazama mikono yake chini ya kitambaa. "Lyse, mimi si askari tena. Nimetoka jeshini."

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Nimekataa."

"Umekataa nini?"

"Vita. Niliwaambia kwamba siwezi kumpiga mtu risasi, na sitafanya hivyo hata wakiniamuru. Wakanihoji miezi na miezi. Mchungaji wa jeshi akanihoji, daktari wa akili akanihoji, ofisa mmoja akanihoji tangu asubuhi mpaka mchana. Mwisho wakakubali kwamba si uongo, wakaniachia kwa heshima. Iko sheria kule, ya mtu ambaye dhamira yake haimruhusu."

Lyse alitafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, akaketi. "Kwa hiyo huendi vitani."

"Siendi."

"Hata kama wakianza vita kesho?"

"Hata wakianza leo jioni. Hawawezi kuniita."

Machozi yalimtoka Lyse kabla hajajua kwamba analia. Hakuyafuta. Kuna mzigo ambao mtu huubeba mpaka anadhani ni sehemu ya mgongo wake, na huo ndio uliomshuka pale, kati ya vikaushio vya nywele na makopo ya mafuta. Kila televisheni ya salon ilipotaja wanajeshi wa Amerika, yeye ndiye aliyesema jamani badilisheni, wekeni muziki. Wenzake walidhani hapendi habari.

"Nilikuwa mjane kabla ya kuolewa," alisema. "Unajua hilo? Kila siku. Nilikuwa najipangia nitakachosema siku nitakapopigiwa."

Armel alitaka kuinuka, kitambaa kikamzuia. "Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unajivunia."

"Nilikuwa najivunia," Armel alikubali. "Ile nchi ilitupokea mimi na bibi yangu kutoka kambi ya wakimbizi tukiwa na mfuko mmoja wa nguo. Nilitaka kuwalipa fadhila. Nilisema nitawapa miaka yangu michache, na mwili wangu."

"Halafu?"

"Halafu wakatujengea kijiji." Akakunja pindo la kitambaa. "Cha mazoezi. Nyumba za mbao, soko la uongo, na watu wanaolipwa kuigiza wanakijiji. Kazi yetu ni kuvunja mlango na kuingia na bunduki. Tulifanya mara nyingi, mimi nilikuwa hodari. Siku moja nikavunja mlango, na ndani kulikuwa na mama mmoja amejifunga kitenge. Naye alikuwa amelipwa kulia. Lakini alilia kwa Kiswahili, Lyse. Alisema, 'Mwanangu, usiniue, mwanangu.' Labda ni Mkongomani, labda naye alitoka kambini kama mimi. Aliona kijana Mwafrika, maneno yakamtoka. Mimi nilisimama pale mlangoni, na sikuweza tena kusogea. Sajenti akanipigia kelele. Yule mama akaacha kuigiza. Akanishika mkono, akaniuliza, 'Baba, uko sawa?'"

Nje gari moja lilipita likipiga muziki, likapotelea upande wa stesheni.

"Nilipopewa likizo nilirudi Vermont, nyumbani kule Amerika," Armel aliendelea. "Kwenye mji wetu kuna wazee wazungu ambao husimama mbele ya posta kila Jumamosi na mabango ya kupinga vita. Nilipokuwa mdogo tuliwacheka sana. Siku hizi wanaandamana wamekaa, magoti yamechoka, wanakuja na viti vya kukunja. Mmoja anaitwa Irene. Ndiye aliyemfundisha bibi yangu Kiingereza. Nilisimama karibu yao bila kusema kitu, naye akaniuliza, 'Armel, unataka kiti?' Nikakaa. Nikamweleza kila kitu."

Lyse aliinua kichwa. Machozi yalikuwa yamekauka, na sauti yake ilipotoka ilikuwa nyingine.

"Lini?"

"Nini lini?"

"Ulimweleza lini huyo Irene?"

Armel akaiona hatari, lakini alikuwa amechelewa. "Mwaka jana. Kipindi cha baridi."

"Mwaka jana!" Lyse akasimama. "Bibi wa Kizungu mwenye kiti cha kukunja amejua tangu mwaka jana, na mimi ninayelala na simu chini ya mto nimejua leo, tena kwa sababu ya nywele?"

"Lyse, nisikilize..."

"Nimesikiliza vya kutosha! Ulimwogopa nani? Mimi?"

"Ndiyo!" Armel alikivuta kitambaa, akakitoa shingoni, akasimama naye. Sasa kioo hakikuwasaidia tena, walikuwa uso kwa uso. "Nilikuogopa wewe. Kila simu uliniambia tonton amesema hivi kuhusu soldat wake, tonton ameninunulia fremu, watu wa kanisa wanaulizia soldat. Nikaanza kuamini kwamba anayependwa Durban ni yule wa ukutani. Mimi huyu, kule jeshini walikuwa wananiita mwoga. Walinipa vyoo nisafishe. Kulikuwa na wiki ambazo hakuna aliyekaa nami meza moja. Nikasema, nikimpoteza na Lyse, nitabaki na nini? Nikaogopa. Huo ndio ukweli, na si ukweli mzuri."

Lyse alimtazama. Alitaka kubaki na hasira yake muda mrefu zaidi, ilikuwa haki yake. Lakini aliwaza juu ya meza ile, mtu mzima anakula peke yake katikati ya umati, halafu usiku anampigia na kusema mtandao ni mbaya ili asionekane uso.

"Eish, Armel," alisema polepole. "Mimi yule wa ukutani sijawahi kumpenda hata siku moja. Alikuwa ananitisha."

Akampiga ngumi kifuani, si kwa nguvu. Armel aliushika ule mkono, akauweka palepale ulipopiga. Walisimama hivyo. Paji la uso la Armel likashuka mpaka likagusana na lake, na Lyse akaziingiza nywele zile vidoleni, zile zile alizozionea wivu.

"Ukinificha tena kitu," alinong'ona, "nitakunyoa upande mmoja."

"Nimekubali. Sasa ninyoe pande zote mbili. Tonton ataniona."

Lyse aliitazama mashine juu ya meza. Akaichomoa kwenye umeme, akaizungushia waya wake.

"Hapana," alisema. "Twende hivyo hivyo. Aone mtu aliyekuja."

*

Tonton Ladislas alikuwa amevaa suti ya bluu na tai. Alifungua mlango wa ile fleti ya Berea kwa mikono miwili, mdomo ukiwa tayari umejaa makaribisho ya "soyez le bienvenu", halafu akaona jeans, akaona sweta, akaona nywele. Akatazama nyuma ya Armel kama vile askari mwenyewe anakuja kwenye ngazi.

"Karibu," alisema hatimaye.

Mama Odette, mamake Lyse, alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Alimpa Armel mkono, akamwonyesha kiti, akaketi kwenye ukingo wa sofa mahali pake pa siku zote, palipotazama mlango.

Armel hakungoja soda ifunguliwe. Alisema yote akiwa amesimama, kwa heshima, mikono nyuma: kwamba ametoka jeshini, kwa nini ametoka, kwamba sasa anasomea uuguzi, na kwamba amekuja kumposa Lyse, yeye mwenyewe jinsi alivyo.

Tonton Ladislas alilegeza tai.

"Jeune homme, kijana," alisema, "uliapa?"

"Niliapa, Papa."

"Mkono juu? Mbele ya bendera ya ile nchi iliyokuokota kambini?"

"Ndiyo, Papa."

"Na kiapo kile umekirudisha kama mtu anayerudisha shati dukani." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Lyse. "Mimi sina ugomvi na uoga. Kila mtu anaogopa. Lakini kesho utaapa tena, kanisani, mbele ya Mungu, kwa binti wa kaka yangu. Siku ndoa itakapokuwa ngumu, na itakuwa ngumu, utamwambia nini? Kwamba dhamira yako haikuruhusu?"

Lyse alihisi damu ikimpanda usoni. Hilo ndilo swali ambalo yeye mwenyewe hakuliwaza, na lilikuwa swali la kweli.

"Papa, sikutoroka," Armel alisema. "Wengi waliniambia toroka, Canada ni karibu, saa chache kwa gari. Nilibaki. Nilisema hapana nikiwa mbele yao, kila siku, mpaka wakanijibu. Kiapo nilikirudisha mkononi mwa waliokipokea. Sijui kama hiyo inatosha."

"Haitoshi," tonton alisema. "Maneno ni yako mwenyewe. Kila mtu ni hodari katika hadithi yake."

"Tonton," Lyse aliingilia, "mimi namtaka huyu. Yule mwingine ulimtaka wewe."

"Lyse!" Hilo lilitoka kwa mama yake, kwa sauti ya chini.

Lakini tonton hakukasirika. Alitazama zulia. "Ni kweli, nilimtaka mimi," alisema. "Unajua kwa nini? Baba yako alikuwa fundi cherehani, pale Bwiza, mtaa wetu wa Bujumbura. Mtu mpole, hata kuku hakuchinja, alikuwa anamwita jirani. Wanajeshi walimkuta njiani yeye na mama yako, wakambebesha masanduku ya risasi, akaondoka na sentimita yake ya kupimia nguo shingoni. Mpaka leo hajarudi. Mimi nilisema, mume wa Lyse atakuwa mtu ambaye hawezi kuchukuliwa njiani. Mtu mwenye jeshi zima nyuma yake. Hiyo ni dhambi?"

Ndipo Mama Odette aliposimama.

Alivuka sebule, akamfikia Armel. Akanyoosha mikono, na Armel, bila kuelewa, akampa yake. Mama aliigeuza viganja juu, akaviangalia muda mrefu.

"Mwanangu," alisema, "mikono hii imeua mtu?"

"Hapana, Mama."

"Hata kwa bahati mbaya? Hata huko mbali, kwa mashine?"

"Hapana, Mama. Hata mmoja."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayesikiliza wimbo. Kisha akamgeukia shemeji yake.

"Ladislas, waliomchukua mume wangu nao walikuwa wameapa," alisema. "Mmoja wao alikuwa kijana kama huyu. Nilimtazama machoni, nikamwomba. Alitaka kusema hapana, nilimwona. Hakuweza. Ningempata mmoja tu wa kuweza, Lyse angekuwa na baba." Aliiachia mikono ya Armel taratibu. "Mimi nimekubali. Lakini mkubwa wa nyumba ni wewe."

Tonton Ladislas alikwenda dirishani, akatazama chini ambako mji ulikuwa umelala kwenye jua. Alikaa huko mpaka Lyse akaanza kuomba kimoyomoyo. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta njia ya kushuka bila kuanguka.

"Mtu haji kuposa kwa mdomo wake mwenyewe," alisema. "Hiyo si desturi yetu, hata huku ugenini. Nani anasema kwa niaba yako? Bibi yako amefariki, najua. Huna mkubwa?"

Armel alitazamana na Lyse. "Ninao, Papa. Ila ni Wazungu."

"Wazungu wa aina gani?"

"Wa zamani," Armel alisema.

Ilikuwa alasiri Durban, na kule Vermont bado asubuhi. Simu iliita mara chache tu. Kwenye kioo cha simu wakatokea watu wawili wakibanana waonekane: bibi mwenye nywele nyeupe zilizosukwa msuko mmoja mrefu mpaka kiunoni, na mzee mnene mwenye kofia ya wale waliopigana Vietnam. Kwa nyuma kulionekana jiko la kuni na mikate imepangwa mezani.

"Huyu ni Irene," Armel alieleza, "na huyu ni Doyle, kaka yake."

Tonton aliichukua simu, akaishika mbali kidogo na uso kama kawaida ya wauza simu wanaoona vibaya. Kiingereza alikijua vizuri, miaka mingi ya kubishana bei na wateja ilikuwa imemfundisha. Lyse aliketi karibu na mama yake akimtafsiria kwa sauti ya chini.

"Mzee," tonton alisema, "naona kofia yako. Ulipigana?"

"Nilipigana," Doyle alijibu. "Miaka hiyo walikuwa wanatuchukua kwa lazima. Nilikuwa na umri wa huyo kijana wako."

"Na dada yako?"

"Mimi nilikuwa barabarani na bango," Irene alidakia. "Peku, na maua kichwani, Mungu anisamehe. Niliacha chuo, nikaenda kuishi shambani na marafiki, tukila dengu mwaka mzima. Baba yetu alilifuta jina langu kwenye Biblia ya nyumbani."

"Nilipotoka vitani nilimwona na lile bango," Doyle alisema. "Nikadhani limeandikwa kwa ajili yangu. Hatukusemeshana mpaka mama yetu alipokufa. Miaka yote hiyo ilipotea, bwana. Siku ya mazishi akaniambia alichokuwa anataka: nirudi mzima. Hakutaka kitu kingine. Lakini nakuambia jambo moja. Wanangu wa kiume hawakuchukuliwa kwa lazima kama mimi, na kijana kama Armel akisema moyo wake unakataa, kuna mahali pa kusikilizwa hata kama si wa dhehebu lolote linalokataza vita. Hayo hayakushuka mbinguni. Ni hawa wapiga kelele walioyapigania, na wengine walikwenda jela."

"Hilo ni la nchi yenu," tonton alisema. "Mimi nauliza la mtu huyu. Wewe ulitimiza kiapo, yeye hakutimiza. Kwa nini unasimama naye?"

Doyle alivua kofia. Kichwa chake kilikuwa kipara chekundu.

"Kwa sababu nilikwenda kumchukua siku aliyotoka," alisema. "Wangeweza kumtoa kwa mlango wa nyuma, yeye akatoka kwa lango kubwa, mchana, amebeba begi lake. Muda wote ule aliamka na wenzake, akatandika kitanda, akafanya kila kazi chafu waliyompa, isipokuwa moja. Sajenti wake mwenyewe alitoka akampa mkono, nimeona kwa macho yangu. Sijui watu wengi ambao wanaweza kukaa mahali wanapochukiwa bila kukimbia na bila kuchukia. Ningekuwa na binti, ningetaka mtu wa kukaa."

Lyse alikuwa ameacha kutafsiri. Mama yake hakumwuliza. Labda uso wa mzee yule ulitosha.

Tonton Ladislas alikohoa. Alinyoosha tai yake, akaketi vizuri, na Lyse aliijua ile namna ya kuketi. Ilikuwa ya mtu anayeanza biashara.

"Sawa," alisema. "Kama wewe ndiye mkubwa wake, basi omba kama mkubwa. Kwetu tunaomba kwa ng'ombe."

Upande wa pili walinong'onezana.

"Bwana Ladislas," Doyle alisema kwa unyenyekevu mkubwa, "sisi hatuna ng'ombe. Tuna mbuzi wawili, na mmoja ana tabia mbaya."

"Tabia gani?"

"Anakula mabango ya Irene."

Tonton alijaribu kujizuia. Mabega yake yalianza kutikisika, akaweka mkono mdomoni, halafu kikamtoka kicheko ambacho Lyse hakuwa amekisikia tangu utotoni, kicheko cha Bwiza, cha kupiga goti. Irene naye akacheka, Doyle akacheka asijue anachekea nini. Armel alijiegemeza ukutani kama mtu aliyefika juu ya ngazi ndefu.

"Mpeni huyo mwenye tabia mbaya jina langu," tonton alisema akijifuta macho. "Mengine tutaongea, mimi na wewe, wazee kwa wazee. Binti tumekubali kuwapa. Lakini harusi ni hapa Durban, kanisani kwetu, na mtakuja."

"Tutakuja," Irene alisema, na sauti yake ikakatika.

Simu ilipozimwa, tonton alimrudishia Armel, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Watu wa kanisa nitawaambia nini sasa?" aliguna. "Nimewatangazia soldat."

"Waambie muuguzi, Papa."

"Muuguzi." Alilionja neno. "Hilo nalo lina faida. Magoti yangu yananisumbua."

Lyse alitoka kwenda jikoni kuleta chakula, na Armel akamfuata eti kusaidia sahani. Nyuma ya mlango alimshika kiuno, akaficha uso shingoni mwake, na Lyse akahisi mwili wa Armel wote ukitetemeka, kama wa mtu aliyevuliwa nguo zilizolowa.

"Umesikia?" alimnong'oneza. "Amesema binti tumekubali."

"Nimesikia. Sema tena."

"Tumekubali."

"Tena."

"Acha wewe, maharage yanaungua."

Walirudi na sinia, Lyse mbele, na tonton akawainulia kidole mdomoni.

"Shhh."

Mama Odette alikuwa amelala. Alikuwa amejilaza nyuma kwenye sofa, kichwa pembeni, mdomo wazi kidogo, mikono imeachiliwa juu ya mapaja. Lyse alisimama na sinia. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mama yake akilala mchana, wala mbele ya mgeni, wala mgongo wake ukiwa umeegemea kitu. Hata usiku alilala kwa zamu, kama mlinzi.

Tonton Ladislas alivua koti lake la suti, akamfunika nalo miguu, polepole, akirudi nyuma kwa kunyata.

"Msimwamshe," alinong'ona. "Tutakula jikoni."

Wakala jikoni, watatu, wamesimama kuzunguka sufuria, wakipitishiana chumvi kwa ishara.